Mgongo Wazi: Bei ya Ujumbe na Vijana wa Manyatta

Mhadhara kwa vijana na wazazi, Manyatta, Kisumu



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya madhara ya simu kwa vijana. Mada hiyo nimeisikia kanisani, nimeisikia kwenye baraza la chifu, nimeisikia hata matangani, na mara nyingi mzungumzaji mwenyewe huchungulia simu yake mara tatu kabla hajafika kwenye amina. Nikamwomba mwenyekiti wa mkutano huu ruhusa ya kuigeuza kidogo. Sitauliza simu inawafanya nini vijana. Nitauliza swali ambalo mama yeyote huuliza akifika soko la Kibuye: ni pesa ngapi, na kipimo ni kipi? Kijana wa Manyatta anapofungua WhatsApp, Facebook au TikTok, ananunua nini hasa, na anarudi nyumbani na nini kikapuni?

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili atakayesinzia asipitwe. Ninasema kwamba bei ya ujumbe ndiyo inayochonga ujumbe. Mengi tunayoyaita tabia mbaya ya vijana mtandaoni ni hesabu ya mfukoni. Kusambaza habari kumekuwa karibu bure, ilhali kuihakikisha bado kunalipiwa. Mtu mwenye shilingi ishirini atafanya lile lisilolipiwa.

Bei ya neno

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili mstaafu, na mwalimu wa lugha huanzia kwenye neno. Simu ni neno lililotujia kutoka Kiajemi, na huko lina maana ya waya. Kabla ya mtu yeyote kuongea ndani yake, simu ilikuwa ule ujumbe uliopita kwenye waya, yaani telegrafu. Reli ilipofika hapa ziwani mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, waya wa telegrafu uliandamana nayo. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu wa kwanza.

Telegrafu iliuzwa kwa neno. Karani wa posta alihesabu maneno kwa ncha ya kalamu, akataja bei. Aliyefiwa na mzazi na kutaka kumwita ndugu aliyeko Nairobi au Mombasa hakuandika habari za ugonjwa, wala siku za mwisho, wala salamu za shangazi. Aliandika maneno matatu: baba amefariki njoo. Anayesoma ujumbe huo leo anaweza kudhani wazee wetu walikuwa na mioyo ya mawe. La hasha. Pole ilikuwepo, ila ilisubiri ndugu afike, kwa sababu nyumbani pole hailipiwi.

Sogeeni hadi miaka ya mwanzo ya simu za mkononi. Kupiga simu kulikuwa ghali, vijana wakabuni kuflashi: simu inalia mara moja inakatwa, na hakuna senti iliyotumika. Mlio mmoja ni nimefika, miwili ni nipigie. Mtafiti Jonathan Donner aliandika juu ya kanuni za mchezo huo mwaka 2007, akitumia zaidi mifano ya Rwanda, na kanuni alizozikuta mnazijua. Mwenye pesa hamflashi asiye nazo. Kijana anayemtongoza msichana haflashi, atadharaulika. Kumbe hata ule mlio wa bure ulikuwa na adabu yake, na adabu hiyo ilizaliwa na bei.

Kisha ikaja SMS yenye herufi 160. Vijana wakaanza kufupisha maneno, kama cjui badala ya sijui. Maneno hayo yaliingia kwenye insha za wanafunzi wangu, nami niliyakata kwa wino mwekundu miaka nenda miaka rudi, nikiandika pembeni: uvivu! Leo ninaungama mbele yenu kwamba halikuwa jambo la uvivu. Ukizidisha herufi ya 161 unalipia ujumbe wa pili. Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga hesabu, na mimi nilikuwa nikisahihisha somo lisilo langu.

Gorogoro ya intaneti

Sasa tufike kwenye simu mliyoishika. Katika Manyatta hii, kuanzia Magadi hadi Gonda, karibu kila kitu hununuliwa kwa kipimo kidogo. Mahindi ni gorogoro, mafuta ya kupikia ni kijikombe, sabuni hukatwa kipande. Intaneti nayo imekuja kuuzwa vivyo hivyo. Zipo ofa mbili ambazo kijana yeyote hapa anaweza kuzitaja akiwa usingizini: gigabaiti 1 kwa saa moja kwa shilingi 19, au megabaiti 250 kwa siku nzima kwa shilingi 20.

Zitazameni vizuri. Bei ni karibu ile ile, lakini maisha yanayotoka humo ni mawili tofauti. Anayenunua saa moja anapata wingi wa kumwaga. Atajipanga, atatafuta mahali penye mtandao mzuri, atapakua muziki, video na masomo, kisha saa ikiisha anazimika kama taa ya koroboi. Anayenunua siku nzima anapata kidogo cha kubania. Huyo hufunga upakuaji wa picha, haguswi na video, hafungui tovuti. Anaishi ndani ya WhatsApp kwa maandishi, akipima kila megabaiti kama mama apimavyo unga mwezi ukienda kuisha. Kijana tunayemwita mpotezaji wa wakati anajua bajeti yake kuliko wengi wetu tunavyojua zetu.

Ongezeni na bei ya simu yenyewe. Mwaka 2020 ulipoanza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mtu alitanguliza shilingi 1,000 kisha akalipa shilingi 20 kwa siku hadi simu ya skrini ikawa yake. Ishirini ya simu, ishirini ya bando. Hiyo ni arobaini kwa siku kabla ya chai na chapati, na kijana wa kibarua huitoa mfuko ule ule unaotoa nauli. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi, lakini waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 25.1, kwa wanawake 20.1. Msichana anayeazima simu ya kaka yake ananunua kipimo kidogo kuliko vyote: dakika chache kaka akioga.

Na kwa kipimo hicho vijana hawa wanafanya makubwa. Yupo msichana jirani yangu ambaye hana kibanda wala meza. Jumapili alfajiri huwahi Kibuye marobota ya mitumba yakifunguliwa, huchagua kamera, zile nguo za kwanza zilizo safi kabisa, huzipiga picha na kuziweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kufikia jioni zimeisha. Yupo kijana wa boda boda ambaye wateja wake wote wako kwenye grupu moja. Na nani hapa hajawahi kuwekwa kwenye grupu ya matanga? Orodha inaanza: wa kwanza ametoa mia tano, wa pili elfu moja. Kila anayetoa anainakili orodha nzima, anaongeza jina lake chini na kuirudisha. Asiyetoa anaonekana kwa kutokuwepo. Hakuna mweka hazina wa kanisa aliyewahi kukusanya mchango kwa uwazi wa namna hiyo. Anayesema mitandao ni ya upuuzi mtupu hajawahi kusafirisha maiti kutoka Nairobi kuja nyumbani.

Samaki asiye na nyama

Sasa ninaingia mahali panaponiuma. Tuna mtaa uitwao Obunga, na wote mnajua unasifika kwa nini. Mbuta huvuliwa katika ziwa letu, huingia kiwandani, minofu hukatwa na kusafirishwa ng'ambo. Kinachotoka kwa mlango wa nyuma ni kichwa, mifupa na mkia. Kina mama wa Obunga hukinunua, hukikaanga, nasi hukila. Tunakiita mgongo wazi. Simdharau mtu, mgongo wazi umesomesha watoto wengi katika mji huu. Lakini tusijidanganye kwamba tumekula samaki mzima.

Habari zinazofika kwenye simu ya shilingi ishirini mara nyingi ni mgongo wazi. Mwezi Novemba 2014, Facebook na kampuni ya Airtel walileta nchini huduma iliyokuja kuitwa Free Basics. Ungeweza kuingia Facebook na tovuti chache zilizochaguliwa bila bando, ila bila picha nzito na bila video, na ukitaka kutoka nje ya ukuta huo ulitakiwa kulipa. India nayo iliwekewa sahani hiyo hiyo. Mwezi Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano iliikataa, ikisema kampuni isipange bei tofauti kulingana na kile mtu anachosoma. Sisi tulishukuru tukala.

Huduma hiyo tuiache, kwani mtindo wake ulibaki. Kijana mwenye bando ya WhatsApp pekee anapokea ujumbe wenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa na kiungo chini yake. Kichwa anakisoma kwa bando aliyonayo. Kiungo kinampeleka nje, kwenye intaneti ya kulipia, na huko hana tiketi. Ana mifupa mkononi, minofu iko upande wa pili wa ukuta. Afanye nini? Anaisambaza mifupa.

Siku moja kijana wa ploti tunayoishi alipeleka kwenye grupu nne ujumbe kwamba ofisi fulani mjini inaajiri vibarua mia mbili, fika na kitambulisho. Asubuhi watu walijipanga mlangoni, wengine wametembea kutoka mbali kwa miguu, wakaambiwa hakuna kazi wala haikuwahi kutangazwa. Jioni nikamuuliza, mwanangu, ulikifungua kile kiungo? Akanijibu bila kusitasita: "Mwalimu, bando yangu ni ya WhatsApp tu." Nilikuwa nimejiandaa kumpa somo la maadili. Kwa jibu lile nikakosa pa kuanzia.

Kuna wakati ambapo mifupa hii huua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Chanzo kimoja kikafungwa, na pengo likajazwa na SMS: nani amechomewa, nani anakuja, tuma kwa watu kumi. Waliokuwa Kisumu siku zile hawahitaji kusimuliwa. Lakini mwezi Januari 2008 vijana wachache wenye ujuzi, wakiwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich, walianzisha jukwaa waliloliita Ushahidi. Mwananchi alituma alichokiona, mahali na saa, nacho kikawekwa kwenye ramani. Tazameni jina walilolichagua. Wakati nchi nzima ilikuwa ikisambaza, wao walimfungulia mlango wa bei nafuu yule aliyeona kwa macho yake.

Miaka kumi na moja baadaye hata wenye WhatsApp walitenda kama waliokubali kwamba tatizo ni bei. Mwaka 2019 walizuia ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo, na Aprili 2020 wakasema ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi utapita kwa mtu mmoja au grupu moja tu kila mara. Baadaye walieleza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hakuna aliyehubiriwa wala aliyefungwa. Gharama ilipanda kidogo, si ya shilingi bali ya kidole, na mkono ukachoka.

Mama mboga na ujumbe wa pesa

Mtaniambia, mwalimu, watu wetu hawana desturi ya kuhakikisha, ndivyo tulivyo. Ninakataa, na shahidi wangu ni mama mboga wa hapo Kona Mbuta.

M-Pesa ilianza mwezi Machi 2007. Haikupita muda matapeli wakaja na ujumbe wa kughushi: umepokea shilingi elfu tatu, halafu simu inalia, mama, nimekosea namba, tafadhali nirudishie. Wengi walilizwa. Leo jaribuni kumfanyia hivyo mama huyu. Mteja akimwonyesha ujumbe kwenye simu yake mteja, mama hautazami. Anangoja simu yake mwenyewe ilie. Anasoma jina, anasoma kiasi, anatazama salio. Na akituma pesa yeye, mtandao humwonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka. Huduma hiyo ilipewa jina la Kiswahili kitupu, Hakikisha. Mama hakusoma chuo, lakini ni mhariri mkali kuliko wahariri wengi wa magazeti.

Kwa nini mwanamke huyu, anayekagua shilingi hamsini namna hii, usiku huo huo anasambaza kwamba tangawizi na kitunguu saumu huponya kisukari? Nimelifikiria sana swali hili, na nimepata majibu mawili. Kwanza, kuhakikisha pesa hakumgharimu kitu: ujumbe wa kweli unaletwa kwenye simu yake bure. Pili, akikosea, hasara ni yake na ataiona kabla ya jua kuzama. Habari ni kinyume chake. Kuihakikisha ni pesa, na akikosea hasara ni ya mtu mwingine, mgonjwa wa kijiji cha mbali ambaye ataacha dawa.

Kwa hiyo desturi tunayo. Tunaijenga penye bei nzuri na penye hasara inayorudi kwa mwenyewe. Kazi yetu ni kuisogeza desturi hiyo kutoka kwenye pesa hadi kwenye habari.

Funzo la Chulaimbo

Kuna jambo lilifanyika jirani na hapa ambalo ningependa kila msimamizi wa grupu alijue. Ukishika barabara ya Busia unafika Chulaimbo, penye kituo cha afya. Huko watafiti walichukua watu wazima 431 waliokuwa wameanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wakawagawa. Wengine walipata SMS ya kuwakumbusha dawa kila siku, wengine mara moja kwa wiki, wengine hawakupata. Wakawafuatilia kwa wiki 48, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011.

Niambieni, nani alizingatia dawa vizuri? Nilipouliza swali hili nyumbani, wote walisema wa kila siku. Sivyo. Waliopata ujumbe mara moja kwa wiki ndio waliofanya vizuri: asilimia 53 kati yao walitumia dawa kwa kiwango cha angalau asilimia 90, wakati kwa wasiopata ujumbe walikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana.

Mimi si daktari, na sababu zake nawaachia wenye fani. Lakini kama mwalimu naielewa. Kengele ya shule inayolia kila dakika tano haimwamshi mtu. Ujumbe wa nadra una uzito, nao wa kila saa unageuka kelele za jirani. Wewe unayetuma mafungu ishirini ya faraja kila asubuhi, mzee wangu, na ninakutazama kwa heshima zote, siku ukituma la dharura hakuna atakayefungua.

Juni, na bei nyingine

Siwezi kuzungumza na vijana wa Kisumu juu ya mitandao nikaruka Juni 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza, miongoni mwa mengine, ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Ni waraka mrefu wa lugha ya mawakili. Walichofanya vijana ni kwamba wenye bando na wenye elimu yake waliupakua, wakausoma, wakaukata vipande, wakaueleza kwa video fupi na sauti fupi, kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Mwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti alisimuliwa na aliyetazama. Tarehe 25 Juni maandamano yalijaa miji mingi, nasi Kisumu tukiwemo. Nairobi waandamanaji waliingia Bunge, na damu ilimwagika. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kutia saini mswada huo.

Unaweza kuwa na maoni yako juu ya maandamano. Mimi nataka mtazame jinsi chakula kilivyogawanywa. Mmoja alinunua samaki mzima, akamkata, mtaa ukala nyama. Mbishi angeweza kuuliza, kifungu gani? Akatajiwa. Kwa wiki chache tulionja mtandao ambamo kuhakikisha kulifanywa na mmoja kwa niaba ya wengi.

Lakini nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ipo bei nyingine isiyolipwa kwa bando. Mwezi Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga mwenye umri wa miaka 31, alichukuliwa na polisi kutoka nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay, ng'ambo tu ya maji haya, kwa sababu ya maneno juu ya afisa wa ngazi ya juu wa polisi yaliyowekwa kwenye mtandao wa X. Alipelekwa Nairobi, na tarehe 8 Juni alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari waliofanya uchunguzi wa maiti wakasema majeraha yake hayakubaliani na maelezo hayo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikuwa imekifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kilichokuwa kikitumika kuwakamata waandishi wa mitandaoni. Sheria ilishusha bei ya neno, na bado kijana aliilipa kwa roho yake.

Nimelitaja hili kwa sababu linabeba hoja yangu yote. Habari ya kwanza, kwamba alijigonga, ilikuwa mgongo wazi. Kama nchi ingetosheka nayo, ingezikwa pamoja naye. Waliomtetea marehemu walidai ushahidi, na ushahidi ukatoka. Kuhakikisha si pambo la wasomi. Mara nyingine ndiyo haki pekee aliyobakiza mtu.

Mshika bando

Mzee mmoja aliniambia kabla ya kuingia humu: mwalimu, dawa ni serikali ituwekee Wi-Fi ya bure. Sipingi. Serikali iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya bure nchini, na kila kinachofika sokoni ni heri. Bei ya kusoma ikishuka, wengi watasoma. Ila kumbukeni, bure hiyo hiyo hushusha pia bei ya kusambaza, na kusambaza tayari kuko chini mno. Hatuwezi kungoja nguzo ya Wi-Fi itufundishe adabu. Adabu ya kuflashi haikuletwa na serikali, mliibuni wenyewe.

Basi ninaleta pendekezo dogo, na ni la watu wenye chama, si la watu wenye mamilioni. Kila chama hapa kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ongezeni wa nne: mshika bando. Chukueni grupu ya watu ishirini. Kila mtu atoe shilingi moja kwa siku. Ishirini hizo zinanunua bando ya siku nzima, isiyo ya WhatsApp pekee. Mshika bando wa wiki hiyo ana kazi ya kufungua viungo. Ujumbe wa kazi, wa msaada wa masomo, wa dawa, wa kura ukiingia, hakuna anayeusambaza hadi yeye arudi na majibu matatu: nani amesema, wapi, lini. Akikosa majibu, aandike hivyo pale pale kwenye grupu. Wiki ijayo zamu inahama, na wasichana wawe wa kwanza kwenye zamu, kwa kuwa wao ndio wenye kipimo kidogo kuliko wote.

Mengine hayahitaji hata shilingi. Ukiambiwa huko mtaani Kondele kumewaka fujo, usiulize intaneti. Mna watu wa boda boda. Mmoja yuko pale mzungukoni sasa hivi. Mpigie, au mflashi, adabu mnaijua.

Nanyi wazazi, msikimbilie kumnyang'anya mtoto wa miaka ishirini simu anayoilipia kwa kibarua. Muulizeni swali la mama mboga: pesa imeingia kwenye simu yako, au umeonyeshwa tu? Kisha mkubali kuulizwa swali hilo hilo, maana katika grupu za ukoo, wasambazaji wakubwa wana mvi.

Nilianza na karani wa posta aliyehesabu maneno. Ninamwazia tena. Namwona, kabla ya kupokea pesa, akimsomea mteja ujumbe wake kwa sauti, ahakikishe hakuna neno lililokosewa, maana likishaingia kwenye waya halirudi. Mteja angesikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mtu mwingine, na mara nyingine angebadilisha.

Nimemaliza. Maswali sasa, Mwenyekiti. Lakini wewe kijana uliyekaa kule nyuma karibu na soketi za umeme, nakuona kidole chako kiko kwenye kitufe cha kutuma, na nadhani ni mimi ninayetumwa. Hebu kwanza tusomee kwa sauti, tusikie kama ndivyo nilivyosema.